Msikivu wa Meza ya Kumi na Nne

Wanaobisha kwamba nchi ya Twendako haipo duniani waachwe na ubishi wao. Ipo, ina wimbo wa taifa, ina mawaziri arobaini na wawili, na ina raia ambao hawajawahi kuwa wapweke hata dakika moja, kwa sababu serikali yao inawapenda. Nchi nyingine huwapenda raia wao wakati wa uchaguzi tu. Twendako huwapenda kila saa, wakiwa kazini, wakiwa chooni, wakiwa wamelala fofofo, na chombo cha mapenzi hayo ni programu ya simu iitwayo Sebule.

Sebule ilikuja ndani ya kila simu iliyouzwa nchini na haikufutika. Mlikuwa na kila kitu humo: ujumbe, ramani, picha, daftari la kuandikia mahitaji ya sokoni, hata kibodi ya kuandikia hayo yote. Mtumiaji mpya aliletewa masharti ya kurasa mia tatu na kumi, na chini yake vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa "Nakubali". Cha pili kiliandikwa "Nakubali kwa moyo mkunjufu". Ukichagua cha kwanza, ulipigiwa simu kuulizwa moyo wako una nini.

Siku ya uzinduzi, Waziri wa Ukaribu, Mheshimiwa Mwinyikombo, alihutubia taifa kwa saa nne bila kunywa maji.

"Ndugu wananchi," alisema, "wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Serikali yenu inataka mzae! Wahenga hao hao walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Basi ninyi ni mtungi, na sisi ni kata. Kuna ubaya gani hapo?"

Uwanja mzima ukapiga makofi, maana kwenye kila kiti palikuwa na karatasi inayoonyesha mahali pa kupiga makofi, na muda wake.

Sasa kata haijishiki yenyewe. Mmoja wa walioishika alikuwa Bwana Farjala, Msikivu Daraja la Pili, meza ya kumi na nne, ghorofa ya tatu ya Wizara ya Ukaribu. Kazi yake ilikuwa kusoma ujumbe wote wa wakazi wa mtaa wa Majani Mapana na kuutia alama: kijani kwa mazungumzo ya heri, njano kwa manung'uniko, nyekundu kwa mizaha. Mizaha ndiyo iliyokuwa hatari kuliko yote. Kabla ya Sebule, Farjala huyu huyu alikuwa akifungua barua za watu kwa mvuke wa birika, na alijivunia kwamba katika maisha yake hakuwahi kuchana bahasha hata moja.

"Mimi si mpelelezi," alikuwa akiwaambia watu kwenye harusi. "Mpelelezi hujificha. Mimi nina kitambulisho."

Wizara ilikuwa na kanuni kwamba Msikivu asisome ujumbe wa jamaa yake. Farjala alikuwa mtu wa kanuni hadi kwenye kucha, lakini hiyo moja aliivunja. Alikuwa amepewa meza nzuri chini ya feni, akaitoa kwa mwenzake ili abadilishane naye meza ya kumi na nne, ambayo iko kwenye kona na ina joto la tanuri la mkate. Sababu ni kwamba Majani Mapana ndiko alikokaa binti yake wa pekee, Sikudhani, fundi simu, na Sikudhani alikuwa hazungumzi naye.

Kisa chenyewe hakina haja ya kuzungushwa. Mama yake Sikudhani alipofariki, siku ya pili ya matanga Farjala aliinuka kwenye mkeka, akawaaga waombolezaji, akaenda Wizarani kupokea cheti cha Msikivu Bora wa Mwaka. Alirudi jioni cheti kikiwa kwapani. Sikudhani akakitazama cheti, akamtazama baba yake, na tangu siku hiyo neno lake kwake likawa "Shikamoo" tu, tena kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kuwa adabu haina likizo.

Baba mwingine angeumia, angetuma wazee, angekwenda mwenyewe kuomba radhi. Farjala hakuona haja. Aende kufanya nini, naye binti yake anaye kwenye kioo cha kompyuta ya Wizara kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni? Alijua jino gani limeng'olewa. Alijua ugomvi wake na mumewe Shebe juu ya redio ya mama mkwe, na alijua nani alikuwa na haki. Alijua kwamba mimba yake ya kwanza ilipoharibika, alimwandikia shoga yake Zamoyoni kutoka kitanda cha hospitali kwamba angempa mtoto jina la marehemu mama yake, Mwajabu. Siku hiyo Farjala aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akalia humo dakika saba, akanawa uso, akarudi na kuutia ujumbe ule alama ya kijani, kwa kuwa Wizara haikuwa na rangi ya msiba. Alirudi nyumbani akiamini kwamba katika nchi nzima hakuna baba aliye karibu na mwanawe kama yeye.

Jumanne moja asubuhi Farjala aliona kwenye kioo chake Sikudhani akimwandikia Zamoyoni, aliyekuwa mama lishe karibu na kituo cha posta:

"Shoga, nimeshika. Miezi miwili. Tunajua watatu: mimi, Shebe na wewe. Nakuomba ukae nayo. Hii sitaki macho ya watu, mpaka tumbo lijiseme lenyewe."

"Ewe!" alijibu Zamoyoni. "Si Waziri kasema mficha uchi hazai?"

"Ndiyo nazaa kwa kumkaidi."

Huo ulikuwa mzaha, tena wa kumtaja Waziri, na rangi yake inajulikana. Farjala alitazama kushoto, akatazama kulia, akaweka kijani. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha ya kupata mjukuu, na kwa hofu ya kukosea rangi. Hata hakujua ipi ilizidi. Ndipo ujumbe mwingine ukaingia.

"Halafu mwenzangu, jana nimeichunguza hii Sebule kwenye simu ya mteja. Simu imelala, yenyewe iko macho. Betri za watu zinakufa saa tano asubuhi kwa sababu inahamisha maneno yao kuyapeleka sijui wapi. Njoo dukani nikuwekee Jiko Wazi."

"Jiko Wazi ndiyo nini tena?"

"Ni kama wewe unavyopika. Wewe unapika mbele ya mteja, anaona mafuta, anaona nyama, akitaka anafunua sufuria. Walioitengeneza hii wamejitolea tu, na sufuria wameiacha wazi: kila anayejua kusoma maandishi ya programu anaruhusiwa kuyasoma, akiona kasoro anasema, akiweza anarekebisha. Na maneno yako yanafungwa kwako, yanafunguliwa kwangu. Hapo katikati hata wapishi hawayasomi."

"Na Sebule je?"

"Sebule wanapikia nyuma ya pazia, halafu wanakukataza kuuliza ni nyama gani."

"Nakuja saa nane," aliandika Zamoyoni.

Saa nane na dakika kumi kioo cha meza ya kumi na nne kiliandika kando ya jina la Sikudhani: "Hakuna ujumbe mpya." Farjala alikipiga kibao ubavuni, akidhani kimeharibika.

Hakikuharibika. Siku zile zile Majani Mapana nzima ilikuwa ikihama kimya kimya, mtu mmoja mmoja, kupitia kibanda cha Sikudhani. Hakuwa na hotuba. Mteja akilalamika kwamba ndugu zake wote wako Sebule na hawezi kuwaacha, alimwambia, "Si lazima uhame siku moja. Wahamishe kwanza unaowapenda. Wakwe watafuata wenyewe wakiona kimya." Watu wakahamisha ujumbe. Wiki iliyofuata wakahamisha ramani, wakachukua ile iliyochorwa na watu wa kujitolea, ambayo iliwaonyesha mfereji wa maji machafu mahali ambapo ramani ya Sebule ilionyesha uwanja wa kimataifa uliozinduliwa mara tatu. Kisha daftari, kisha kibodi. Wakashangaa kwamba betri zinafika jioni.

Wizara haikulala. Mheshimiwa Mwinyikombo aliunda Kamati ya Wataalamu kumi na mmoja, wote wakiwa wataalamu wa kuwa kwenye kamati. Swali lao la kwanza lilikuwa: nani mwenye Jiko Wazi? Wakajibiwa kwamba haina mwenyewe mmoja, ni ya kila mtu. Jibu hilo liliwatia baridi.

"Kitu kisicho na mwenyewe ni cha serikali," alisema Waziri. "Na kama si cha serikali, basi ni cha adui. Isitoshe, programu yenye adabu zake hufunika matumbo. Hii inatembea utumbo nje, mbele ya watoto!"

Kwa kuwa maandishi ya programu ile yalikuwa wazi kwa kila mtu, Kamati iliamua kuyasoma ili ivumbue siri iliyomo. Yakachapwa. Yakawa kurasa elfu sitini na moja, yakaletwa kwa malori matatu, yakasomwa kwa sauti ukumbini na makarani wa zamu. "Mabano yafunguka. Mabano yafungwa. Nukta. Mstari mpya. Mabano yafunguka." Siku ya tano mjumbe mmoja alianza kulia, akisema hajasikia utenzi mzuri kama huo tangu azaliwe. Baada ya siku kumi na tisa Kamati ilitoa taarifa: imesoma herufi zote, haikuona siri yoyote, jambo linalothibitisha kwamba siri hiyo imefichwa na mabingwa.

Mwandishi mmoja wa gazeti aliinua mkono akauliza kama na maandishi ya Sebule yangesomwa hadharani vilevile. Waziri alimtazama kwa huruma.

"Sebule haina cha kuficha," alimwambia, "na kwa sababu hiyo hairuhusiwi kuonyeshwa."

Wakati huo mchoro ulioning'inia kwenye ukumbi wa Wizara, unaoonyesha wingi wa mazungumzo ya taifa, ulikuwa umeporomoka hadi ikabidi ubandikwe karatasi nyingine chini yake. Ili kuuinua, ulitoka waraka kwamba kila mtumishi wa umma aandike Sebuleni ujumbe mia mbili kwa siku. Farjala alipangiwa kuzungumza na Bwana Chande wa meza ya kumi na tano, ambaye walikuwa wanagusana viwiko. Farjala aliandika "Habari za asubuhi?", Chande akausoma ujumbe huo kama mpokeaji, akaujibu, kisha akausoma tena kama Msikivu na kuutia alama. Wiki ya kwanza wote wawili walipeana kijani. Wiki ya pili Chande aliandika "Nimechoka", Farjala akampa njano. Wiki ya tatu ghorofa ya pili nzima ilikamatwa kwa ushahidi wa ghorofa ya tatu, na magazeti yakatangaza kwamba Sebule haijawahi kunasa wahalifu wengi kiasi hicho.

Katikati ya sherehe za mafanikio hayo simu ya Mheshimiwa Mwinyikombo iliteleza ikaanguka mezani, kioo juu, na kila mtu akaona alama ya Jiko Wazi iking'aa. Mheshimiwa hakupepesa macho.

"Mimi nina mambo mazito," alieleza. "Mwananchi wa kawaida ana faragha gani? Faragha ni mzigo wa uongozi. Sisi tunawabebea."

Karatasi za vitini zilionyesha makofi, wakapiga.

Farjala naye alipiga, lakini akili haikuwepo. Tangu Jumanne ile alikuwa akihesabu kwa vidole. Miezi miwili na nusu. Mitatu. Sasa wa nne unaingia. Mimba ipo? Imekaa? Anakula? Kwa mara ya kwanza tangu apewe meza ile kulikuwa na jambo la binti yake asilolijua, na hali hiyo ilimwuma kama njaa. Aliandika "Habari za asubuhi?" mara mia mbili kwa siku na macho yake yalikuwa yakienda kwenye ile safu tupu yenye jina la Sikudhani. Majani Mapana iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Wizarani. Wazo la kwenda halikumjia. Ilibidi liletwe kwa waraka.

Waraka ulikuja wiki hiyo: Operesheni Rudi Sebuleni. Kila Msikivu aende kwa miguu yake kwa raia aliowapoteza, awashawishi warudi, na kwa kila mmoja ajaze fomu. Farjala alipanga orodha yake, akaliweka jina la Sikudhani kwanza bila kushauriana na mtu. Njiani alipita sokoni, akachagua kwa muda mrefu, akanunua jozi ya soksi za mtoto mchanga, za njano.

Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, ndani ya dera pana, bisibisi mkononi. Alipomwona, uso wake ulitulia kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Simu imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimekuja kukuona." Akaweka kifurushi kwenye kaunta. "Kidogo hiki. Usikatae."

Sikudhani alifungua karatasi. Akazitazama zile soksi bila kuzigusa.

"Za nani hizi?"

"Za mjukuu wangu. Nimechukua njano kwa kuwa hatujajua ni wa kike au wa kiume. Akiwa wa kike, mpe Mwajabu, kama ulivyotaka kwa yule wa kwanza. Mama yako angefurahi."

Barabarani muuza kahawa alikuwa akigonga vikombe vyake. Sikudhani aliweka bisibisi chini.

"Nani kakwambia?"

"Aniambie nani? Mimi baba yako, najua."

"Baba. Nani kakwambia?"

Farjala alikuwa mtumishi wa miaka mingi, na swali likiulizwa mara mbili kwa sauti ya namna ile, mdomo wake ulijibu wenyewe.

"Meza ya kumi na nne."

"Tangu lini?"

"Miaka minne sasa. Nilibadilishana meza." Na kwa kuwa alimwona hajaelewa ukubwa wa jambo lenyewe, aliongeza, "Ile ya kwanza ilikuwa chini ya feni, Siku. Niliiacha kwa ajili yako. Miaka minne nakaa kwenye joto."

Alingoja ashukuriwe. Kweli alingoja, mtu mzima na mvi zake.

"Siku ile niliyolazwa," alisema Sikudhani polepole, "ujumbe wangu uliusoma?"

"Niliusoma."

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Wizara na hospitali zinatazamana, baba. Barabara moja tu katikati. Nilikaa kitanda kile siku tatu natazama mlango. Shebe alisema nisikungoje, nikamwambia mwache, hajasikia, angesikia angekuja. Kwa hilo moja nilikuwa nimekusamehe. Nilisema hajasikia."

"Nilitaka kuja. Nilihofu utaniuliza nimejuaje."

Hapo Sikudhani hakupandisha sauti wala hakulia. Alizikunja soksi zile ndani ya karatasi yake, taratibu, akazisukuma upande wa pili wa kaunta.

"Nenda nazo. Siku nitakapotaka ujue, nitakuja nikwambie kwa mdomo wangu. Mpaka siku hiyo hujui kitu."

"Lakini mwanangu, mimi najua. Siwezi kuto..."

"Hujui, baba."

Mama mmoja aliingia na simu iliyopasuka kioo, akaomba awekewe ile ya jiko. Sikudhani akamgeukia, akamkaribisha kiti, akamwuliza habari za nyumbani, akangoja ajibiwe.

Farjala alitoka. Alisimama kwenye ukuta wa duka la jirani, akatoa fomu ya Operesheni kwenye mkoba, kwa kuwa fomu ilipaswa kujazwa papo hapo. Jina la raia akaandika. Mtaa akaandika. Je, raia amekubali kurudi? Akaandika hapana. Mstari wa mwisho ulisema: "Sababu ya kuhama Sebule. Weka alama kwenye jibu moja: ujinga, adui wa nje, au shinikizo la mume." Alishika kalamu juu ya majibu hayo matatu kwa muda, akayasoma tena moja moja kama alivyozoea kusoma kila kitu. Kisha akayapiga mstari yote, na pembeni, kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi, akaandika neno moja: "Mimi."

Kanuni ilitaka nakala tatu, kwa hiyo aliliandika mara tatu.